Mikono Mirefu ao Mikono Mifupi? Karatasi 14 na Jeep Moja ya Moba



Mwezi huu sikukusudia kuandika juu ya vyuma. Nilikuwa nimeanza kutayarisha habari ya vijana na ndoa. Lakini jioni moja kijana wa kanisa letu hapa Moba aliingia nyumbani kwangu na karatasi 14 zilizochapishwa kule Kalemie, zimejaa picha za vyuma virefu vilivyopakwa rangi nyeusi na nyekundu. Akaziweka mezani karibu na sahani ya ndakala, akasema: "Papa Mchungaji, chagua moja. Mimi nitatuma feza kesho."

Nikamuuliza: "Hivi ni vyuma vya nini, mwanangu?"

"Ni mikono mirefu ya motokari, Papa. Seti nzima, inatoka Marekani. Nikiitia, Jeep yangu itapita fasi yote."

Feza ile aliipata kwa miaka 3 ya kazi upande wa Manono, kwenye machimbo ya kasiteriti. Haikuwa feza ya mchezo. Tena, sehemu moja ya feza ile wazazi wa msichana fulani waliijua kwa jina lingine, maana walikuwa wanaingoja kama mali ya ndoa. Basi mnaona kwamba habari ya vijana na ndoa haikuniacha. Ilikuja tu kwa mlango wa garaji.

Ninajua kwamba wengi wanaosoma gazeti hili, kule Kolwezi, Likasi, Manono na kwingineko, wana motokari ao wanatamani kuwa nayo. Vijana wanaotoka machimboni na feza ya kwanza mkononi, wengi wananunua motokari mbele ya kununua bati za nyumba. Siwakemei leo. Nataka tu kuwaeleza jambo tulilojifunza siye wenyewe, na tulilojifunza vibaya mara ya kwanza.

SAFARI YA KUTOKA UPANDE WA PEPA

Napashwa kurudi nyuma kidogo. Kijana huyu ana Jeep Cherokee ya mwaka 1998, ile yenye umbo la sanduku. Aliinunua Lubumbashi, baada ya kutumika Ulaya. Kwa Moba ni msaada mkubwa. Mnajua njia zetu. Barabara ya taifa namba 5, inayotoka Lubumbashi kupitia Pweto na milima ya Marungu na kuelekea Kalemie, iko vizuri sana kwenye ramani. Kwenye udongo ni jambo lingine. Wakati wa mvua malori yanachimba mifereji ambamo mtoto akisimama utaona kichwa tu. Watu wengi bado wanategemea mashua, kama wazee wetu wa wakati Moba iliitwa Baudouinville. Lakini mgonjwa aliye kule juu milimani hana ziwa la kupitia.

Jeep ile ilikuwa inagusa tumbo chini kila safari. Kijana akaamua kuiinua. Fundi wa sokoni akamtilia vipande vya chuma juu ya resori za mbele, na vingine nyuma kati ya ekseli na resori, mpaka motokari ikapanda santimita 10. Kamati yetu ya kusaidia wagonjwa ilitoa sehemu ya feza ya kazi ile, kwa sababu Jeep ilikuwa inatubebea wagonjwa. Mimi ndimi niliyetia sahihi. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Tulitoka nje, tukaitazama imesimama juu kama ngamia, tukafurahi.

Wiki ya pili tulikuwa tunamleta mama mmoja mwenye mimba kutoka kijiji cha upande wa Pepa, kumpeleka hospitali ya Kirungu. Mimi niliketi mbele. Pale barabara inaponyooka kidogo kijana aliongeza mwendo, labda kilometa 60 kwa saa. Pine la kushoto likaingia katika kishimo kidogo, si kikubwa. Hapo usukani ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Kijana aliushika kwa mikono miwili, ukamshinda. Motokari nzima ilikuwa inatikisika, kioo cha ndani kikaanguka, mama anapiga kelele nyuma. Alipokanyaga breki tulikuwa tumekwisha kuingia mferejini, tumelala upande.

Hatukuumia sana. Yule mama alimalizia njia amelazwa juu ya kitanda cha miti kilichofungwa kwenye baiskeli mbili, na mtoto alizaliwa usiku ule, msichana, mzima. Lakini kila nikipita pale ninaiona sahihi yangu kwenye karatasi ya kamati.

Ndiyo maana karatasi zile 14 zilipofika mezani sikujibu mara moja. Nilimwambia: "Twende kwanza kwa Mzee." Mzee huyo ni fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika garaji ya reli kule Kalemie, na sasa analima mihogo. Macho yake yamechoka, lakini vidole vyake bado vinaona.

MKONO UNAFANYA KAZI GANI?

Mzee alianza na swali: "Kitu gani kinabeba mzigo wa motokari?" Kijana akajibu: "Mikono na resori." Mzee akakataa kwa kichwa.

Kwa Land Cruiser za zamani, kwa mfano HZJ75 za mbele ya mwaka 1999, resori ni mabamba ya chuma yaliyopangwa, mbele na nyuma. Bamba linafanya kazi mbili: linabeba mzigo, na tena linaishika ekseli isikimbie mbele ao nyuma. Lakini Jeep hii mbele ina resori za mviringo, zile zinazojizungusha kama nyoka. Resori ya mviringo inajua kubeba tu. Haijui kushika. Ukiiacha peke yake, ekseli itakwenda inakotaka. Kwa hiyo kuna vyuma vinavyotoka kwenye ekseli kwenda nyuma na kushikamana na mwili wa motokari. Hivyo ndivyo mikono. Kuna tena chuma kimoja kinachokaa kwa upana, cha kuizuia ekseli isiende kushoto na kuume. Mashofere wengine wanakiita bare ya panari.

Kwa hiyo mkono, uwe mrefu ao mfupi, haubebi hata kilo moja ya mahindi yako. Unaongoza tu. Jambo hili peke yake lingetosha kuokoa feza za watu wengi. Maana ukimwuliza kijana juu ya nini anataka mikono mirefu, atakuambia motokari yake inalala ikipakiwa magunia. Mikono haitaisimamisha. Dawa ya hapo ni resori yenye nguvu, ao kupunguza magunia.

Kijana aliuliza kwa nini basi watu wanaisifu namna hii. Mzee akavunja kijiti.

VIJITI VIWILI

Jaribu hata wewe nyumbani, pamoja na watoto. Kata kijiti cha santimita 40. Huo ndio urefu wa mikono ya chini ya Jeep kama hii, karibu hivyo. Kata kingine cha santimita 80. Shikilia ncha moja ya kijiti kwa msumari ukutani, na kijiti kilale sawasawa. Ukutani ni mwili wa motokari. Ncha ya mbele ni ekseli. Sasa shusha ncha ya mbele santimita 10, maana kuinua motokari na kushusha ekseli ni jambo moja.

Kijiti kifupi kitakuwa kimeinama, na ncha yake imerudi nyuma kama santimita 1 na robo. Si kitu. Lakini shusha tena santimita 10, kama pine linapoanguka shimoni. Sasa ncha imerudi nyuma zaidi ya santimita 5! Fanya vilevile na kijiti kirefu. Mara ya kwanza inarudi kidogo sana, haifiki santimita 1. Mara ya pili santimita 2 na nusu tu.

Tazama tena jambo la pili. Kijiti kifupi kilichoinama, ukitaka kukipandisha, ncha yake lazima iende mbele kwanza huku inapanda. Lakini jiwe linalogonga pine linalisukuma nyuma. Mmoja anasukuma nyuma, mwingine lazima aende mbele: wanapigana. Ndipo kishindo kinaingia mwilini mwa motokari na katika mgongo wa abiria. Na mkono mfupi ukiinama, unageuza pia ekseli, na pine za mbele zinapoteza ile pembe inayozifanya zijirudishe zenyewe kwenye njia. Bare ya panari nayo inainama na kuvuta ekseli upande mmoja. Ukitia hapo mpira mmoja uliokwisha ao buloni moja iliyolegea, pine zinaanza kucheza zenyewe. Hayo ndiyo yaliyotupata kwenye njia ya Pepa. Tuliinua motokari, lakini hatukugeuza kitu kingine chochote.

Kijana alikuwa kimya. Kisha akasema: "Basi, Mzee, unaona? Mikono mirefu ndiyo dawa." Hakukosea kabisa.

Watu wa Land Rover walipewa mikono mirefu na kiwanda. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa nayo mbele, na Land Rover 110 ya mwaka 1983, ambayo tangu 1990 inaitwa Defender, iliifuata. Tangu 1999 Land Cruiser kubwa za namba 78 na 79, zile mnazoziona kila siku kwenye makampuni ya madini, nazo zina resori za mviringo na mikono mbele, na mabamba nyuma. Ukiwa na moja ya hizo, usidanganyike na picha za Jeep. Swali lako ni resori, amortisere na mipira ya mikono.

MIREFU INA MAHALI PAKE

Kule Kenya, tangu mwaka 1989, kuna mashindano yanayoitwa Rhino Charge. Kila motokari inapewa saa 10 kufika kwenye vituo 13 vilivyofichwa porini, na anayeshinda ni yule aliyepita njia fupi kuliko wote, hata kama ni bondeni ao juu ya mawe. Feza inayokusanywa inakwenda kwa shirika la Rhino Ark, ambalo lilijenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare mpaka ukamalizika mwaka 2009. Katika mashindano kama yale pine moja iko juu ya jiwe, nyingine iko shimoni, na mikono mirefu inaziruhusu zote zishike udongo. Hapo ni kazi yake kweli. Motokari ikiinuliwa sana, kupita santimita 10, mikono mifupi haifai tena.

Lakini wale wana motokari iliyotengenezwa kwa kazi ile moja, na mafundi wanaosafiri nyuma yao na mashine za kuunga chuma. Siye tuna nini?

Tulisoma zile karatasi 14 moja moja, chini ya mwembe. Bei ya seti nzima ilipita dola 1000, na hiyo ni bei ya dukani kule Marekani. Ongeza meli mpaka Dar es Salaam, kisha lori mpaka Kasumbalesa, ao gari la moshi mpaka Kigoma na mashua mpaka Kalemie. Ongeza duane. Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu. Luka ameiandika katika sura ya 14. Tulihesabu. Kabla hatujafika kwenye kazi ya fundi, ile seti ilikuwa imekwisha kumeza mali ya ndoa yote.

Kisha Mzee akaingia chini ya Jeep na tochi na nyundo ndogo. Akagonga gonga. Akatuita tusikilize. "Shasi iko wapi?" akauliza. Kumbe Jeep Cherokee ya namna hii haina shasi ya kweli iliyo peke yake kama ya Land Cruiser. Mwili wake ni bati lililokunjwa na kuunganishwa, na nguvu yake ni katika mikunjo ile. Mikono mirefu inapashwa kushikwa nyuma zaidi, karibu na katikati ya motokari, kwa daraja jipya la chuma. Seti nyingine zinataka mikono ya zamani ikatwe mahali ilipokuwa imeshikwa. Ukikata, hurudi nyuma tena. Na bati lile jembamba, ukiliunga kwa mashine ya sokoni wakati jenereta inapanda na kushuka, litatoboka, ao litashika leo na kupasuka mwezi wa tatu. Ekseli ikijiachia kwenye mteremko wa Kirungu, nani atatia sahihi?

Kuna tena mambo madogo ambayo picha hazisemi. Mikono mirefu inaning'inia chini ya tumbo, na kwenye mifereji yetu inaweza kulima udongo. Seti nyingi za mashindano zina viungo vya chuma badala ya mipira. Vinageuka vizuri sana, lakini vumbi jekundu la wakati wa jua na matope ya wakati wa mvua yanavila, vikaanza kugonga. Mpira wa kawaida unapatikana Lubumbashi. Kiungo cha chuma cha pekee kinapatikana kwenye karatasi ya 9.

Na jambo hili la mwisho lilimshangaza kijana kuliko yote. Mzee alipima kwa kamba toka udongo mpaka kwenye tumbo la ekseli, lile boga la katikati. Kisha akauliza ilikuwa ngapi kabla ya kuinua motokari. Ilikuwa ileile! Kuinua mwili kwa resori, kwa vipande ao kwa seti ya Marekani, hakuinui ekseli hata santimita moja. Ni pine kubwa zaidi tu zinazoiinua. Motokari ilikuwa imepanda juu pamoja na watu wake na magunia yake, tayari kuanguka kwenye kona, na ekseli inaendelea kupiga mawe yaleyale.

TULICHOCHAGUA

Kijana alitaka kufanya nusu: kubaki na santimita 10 na kushusha mahali mikono mifupi inaposhikwa, kwa vipande vya chuma kinene, ili ilale tena sawasawa. Watu wanafanya hivyo, na bei yake ni ndogo. Mzee hakuikataa kabisa, lakini alisema vipande vile vinaning'inia chini na vinavuta bati kwa nguvu zaidi, na yeye hataki kuunga chuma kwenye bati lile kwa macho aliyo nayo sasa. Niliheshimu sana neno lile. Mafundi wachache wanasema "macho yangu hayatoshi."

Basi tuliondoa vipande vyote. Tulinunua Lubumbashi resori za mbele zenye nguvu, zinazoinua santimita 5 tu, na nyuma tukaongeza bamba moja kila upande. Amortisere nne za urefu unaofaa. Mipira mipya ya mikono yote. Bare ya panari inayoweza kurefushwa, ili ekseli irudi katikati. Mipira ya breki ya mbele nayo ilikuwa imevutwa kama kamba ya gitaa, tukaibadilisha. Pine zikawa kubwa kidogo kuliko za kwanza, zisizogusa bati. Vitu vyote vilifika baada ya wiki 5, na bei yake haikufika theluthi moja ya ile seti.

Siku ya kujaribu tulipakia magunia 4 ya mahindi, tukaenda pahali palepale. Kijana alisita. Nilimwambia aende polepole kwanza, kisha kilometa 40, kisha 60. Tulipita juu ya kishimo kile. Usukani ulipiga mara moja, ukatulia. Mzee, aliyekuwa nyuma juu ya gunia, alisema: "Rudi tena." Tukarudi mara 4.

Wako wasomaji watakaoniambia kwamba kwa Jeep yao, wanayoitumia kwenye mawe na bila mizigo, mikono mirefu ni bora. Sitabishana nao. Mwenye feza, mwenye fundi anayejua kuunga bati jembamba, mwenye motokari isiyobeba watu wa wengine, anaweza kuitia. Lakini aulize kabla ya kulipa: mikono itashikwa wapi, kwa buloni ao kwa kuunga? Kitu gani kitakatwa? Viungo vikiharibika, nitapata vingine wapi, na kwa siku ngapi? Bare ya panari imo katika seti, ao inauzwa peke yake? Duka lisilojibu maswali haya manne halitakujibu ukiwa mferejini.

Kamati yetu imeandika sheria moja mpya: feza ya wagonjwa haitengenezi motokari ya mtu mpaka fundi wa pili aiangalie. Niliipendekeza mwenyewe, na wazee walinitazama kwa namna ambayo nilistahili.

Mali ya ndoa ilipelekwa mwezi uliofuata. Harusi itakuwa mvua zikikwisha, na bibi arusi atashuka kutoka Kirungu mpaka bandarini ndani ya Jeep ile. Rotili ya kushoto imeanza kugonga kidogo. Kijana ameniahidi ataibadilisha mbele ya siku hiyo. Karatasi zile 14 hakuzitupa. Amezikunja, amezitia juu ya kiti cha shofere, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua.